Hakuna Maonyo

Onyo lile niliandika mimi. Naanza na hilo msije mkadhani nasimulia ya mwenzangu huku nimekaa pembeni, mikono safi.

Ilikuwa Jumanne mchana, kwenye jengo la ghorofa tisa lenye zahanati chini na ofisi za mawakili juu. Kampuni yetu ilikuwa ikihudumia lifti za jengo hilo, na mimi nilikuwa fundi wa zamu. Nilishuka kwenye shimo la lifti ya pili kufuta mafuta yaliyokuwa yanavuja. Mle shimoni kuna swichi nyekundu, kubwa kama kifuniko cha mtungi. Fundi akishuka huibonyeza kwanza, lifti inakufa, ndipo anashika kazi. Nikaibonyeza, kisha nikampigia kelele mlinzi aite lifti, nihakikishe. Lifti ikaanza kushuka. Nilitoka mle kama paka aliyemwagiwa maji ya moto.

Swichi ya akiba sikuwa nayo. Abiria hawakuwa na hatari yoyote, hatari ilikuwa kwa fundi tu, kwa hiyo nikaiacha lifti ifanye kazi. Nikapanda juu penye mtandao, nikatoa tableti ya kazi, nikaandika: "Lifti ya pili. Swichi ya shimoni haizimi. Asishuke mtu kabla ya kukata umeme chumba cha mashine." Nikatuma. Alama ya kijani ikatokea. Nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Fundi Sikio.

Jina hilo tulimpa sisi wenyewe. Alikuwa na tabia ya kubandika sikio kwenye mlango wa lifti, amefumba macho kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, halafu anasema, "Beringi ya juu, kushoto." Unapanda, unafungua, beringi ya juu, kushoto. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, maneno machache, utani mkavu. Mwenye jengo mmoja alimfokea siku moja akitaka kujua lifti itapona lini, naye akamjibu, "Ikianza kula vizuri tutairuhusu." Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimwita kaka, ingawa kwa umri angetosha kuwa baba yangu mdogo.

Asubuhi hiyo alifungua ukurasa wa lifti ya pili akiwa ghorofa ya chini, mtandao upo. Akaona jina la jengo, namba ya lifti, namba ya simu ya mlinzi. Akashuka ngazi mpaka chini ya ardhi, ambako hata simu haishiki. Mlangoni mwa shimo akagusa palipoandikwa Maonyo, na tableti ikamjibu kwa herufi za kijani: Hakuna maonyo.

Akaingia. Akabonyeza swichi nyekundu. Hakumwita mtu amjaribie, na hilo hakuwahi kulikana mbele ya yeyote. Kuna kamba ya chuma, ile ya breki ya dharura, inayozunguka gurudumu zito kule chini. Aliishika kwa mkono wa kulia aone kama imelegea. Ghorofa ya nne karani wa wakili alikuwa anataka kushuka kunywa chai. Akabonyeza kitufe.

Vidole vitatu. Muuguzi wa zahanati alivifunga kwenye kitambaa cheupe akavipeleka pamoja naye hospitali, lakini havikurudishika.

Ripoti ilitoka kabla ya wiki kutimia. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na watu wakashika mstari mmoja tu: "Onyo lilikuwepo kwenye mfumo. Fundi hakusoma." Aliyeiandika ni mkuu wa mifumo ya kompyuta, ambaye mafundi tulimwita Bwana Sekunde, maana hakumaliza kikao bila kututajia sekunde. Kabla yake kila chumba cha mashine kilikuwa na daftari lililofungwa kwa uzi kwenye msumari. Yeye ndiye aliyetuletea tableti. Mwanzoni ukurasa ulichukua sekunde kumi na moja kufunguka, tukalalamika. Akaushughulikia, ukawa unafunguka kwa sekunde moja, akapewa cheti chenye fremu, kikatundikwa mapokezi. Alikuwa mtanashati, shati limenyooka kama karatasi, sauti ya chini, hana matusi. Ungemwona ungesema huyu hawezi kuua hata sisimizi.

Waliniita na mimi.

"Onyo uliliandika?"

"Niliandika."

"Lilitumwa?"

"Alama ya kijani ilitokea."

Basi. Maneno yangu mawili matatu ndiyo yaliyompigilia mwenzangu misumari. Akiwa hospitali alikuwa anasema, "Nilisoma. Iliniambia hakuna." Wakafungua tableti nyingine ofisini, penye mtandao, na onyo langu likawaka hapo, jekundu kama pilipili. Nani angemwamini? Mimi mwenyewe sikumwamini. Nilisema kantini, mbele ya watu, "Kaka amezeeka, hasomi tena." Mungu anisamehe, maana kaka mwenyewe alichukua muda mrefu.

Aliporudi baada ya miezi mitatu alihamishiwa stoo. Chumba chenye dirisha la nondo, rafu za chuma, harufu ya grisi na maboksi. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama nyasi zilizokanyagwa. Halafu kuna mtu, sijui nani, akaanzisha jina. Saba. Kwa sababu ya vidole vilivyobaki. Lilianza kwa kunong'onwa likaishia kuitwa kwa sauti, na siku moja kwenye kikao Bwana Sekunde akaulizwa taa za akiba ziko wapi, akasema bila kuinua macho, "Mwulizeni Saba." Watu wakacheka. Fundi Sikio alikuwa amesimama mlangoni na boksi la taa hizohizo. Aliingia, akaliweka mezani, akalisogeza taratibu mpaka likalingana na ukingo wa meza, akatoka. Nilimwona uso. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini siku ile ndipo nilipowaelewa.

Ikapita miaka mitatu.

Siku hiyo makao makuu walituma boksi la vifaa vibovu vya kuteketezwa. Fundi Sikio akawa anaorodhesha: chaja, simu za upepo, tableti nne. Ya tatu aliitambua kabla hajaigeuza. Ufa kwenye kona, na kwenye mshono wa kava doa jeusi ambalo halikutoka. Ilikuwa ya kwake, ile ya siku ile, haikuwashwa tangu wakati huo. Hakuiorodhesha. Akaichomeka umeme, akazima kile kipengele kinachoifanya ijisasishe, ili programu ibaki ileile ya siku ile, akanipigia simu.

"Njoo stoo. Njoo na ya kwako."

Kwenye ua wetu kuna lifti ya mizigo. Akaniambia niiandikie onyo lolote. Nikaandika: "Taa ya ndani imekufa." Akafungua ukurasa wa lifti ile kwenye tableti yake ya zamani, tukiwa uani penye mtandao. Kisha akaingia nayo kwenye kontena la chuma tunamohifadhi rangi, mahali ambapo simu hukata papo hapo. Nikamfuata. Akagusa Maonyo.

Hakuna maonyo.

Tukatoka, akafunga, akafungua upya uani, akagusa: onyo langu lile pale, jekundu. Akafungua ukurasa upya bila kuyagusa, tukarudi ndani. Hakuna. Tukafanya hivyo mara nne, kama watoto wanaowasha na kuzima taa. Mwisho akasema, "Sasa ya kwako." Nikaingia na tableti yangu mpya, nikagusa. Ikaandika: "Maonyo hayajaletwa. Tafuta mtandao."

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi.

"Kaka," nikasema, "nisamehe."

Aliizima tableti, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya shati.

Kampuni iliwahi kuwa na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla hazijatufikia. Alituhoji mafundi mmoja mmoja, unafanya nini kwanza, unashika wapi, ukiwa gizani unaona nini, mpaka tukamwita Dada Maswali. Aliacha kazi muda mfupi baada ya ajali. Fundi Sikio alipata namba yake kwenye karatasi ya mafunzo ya zamani, akamwalika nyumbani Jumapili alasiri. Mimi nilikuwepo, na shemeji yangu, mke wa Fundi Sikio, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alikuwa mezani akisahihisha madaftari.

Dada Maswali alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza hata swali moja. Kisha akasema:

"Programu ikienda kwenye hifadhidata, lile ghala la taarifa kule ofisini, kuchukua lifti, haibebi kila kitu cha lifti hiyo. Inabeba jina, namba, jengo. Historia, picha, maonyo, vinaachwa kulekule. Ukivigusa, ndipo inarudi kuvichukua. Tunaita upakiaji mvivu."

"Mvivu," Fundi Sikio akarudia.

"Wenyewe si mbaya, kaka. Ndio uliofanya ukurasa ufunguke kwa sekunde moja. Ya nini kubeba picha mia mbili kama mtu anatafuta simu ya mlinzi? Ubaya unakuja ukigusa maonyo wakati njia ya kurudi kwenye hifadhidata imekatika. Hapo programu inatakiwa ipige kelele: kosa, nimeshindwa kuleta. Na ilikuwa inapiga. Hamkumbuki? Mlikuwa mnapiga simu ofisini kutwa, tableti inatoa makosa."

Nilikumbuka. Mimi mwenyewe nilipiga.

"Basi mkuu wa mifumo akachoka na simu zenu. Akaandika mistari miwili: kosa likitokea limezwe, irudishwe orodha tupu. Na orodha ikiwa tupu, skrini inaandika Hakuna maonyo."

Shemeji akaweka kalamu chini. "Yaani aliyepata sifuri na ambaye hakuja kabisa kwenye mtihani, wote wanaandikiwa sifuri?"

"Ndivyo, mwalimu."

"Shuleni kwetu ukifanya hivyo unanyang'anywa kitabu cha alama."

Dada Maswali akafungua mkoba akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. Ya kwanza ilikuwa ujumbe wake kwa Bwana Sekunde, miezi miwili kabla ya ajali. Nausoma mpaka leo kwa moyo: "Orodha tupu si sawa na orodha ambayo haijaletwa. Fundi aliyeko shimoni atadhani hakuna hatari." Ya pili, jibu: "Tusiwasumbue mafundi na habari za mtandao. Funga hoja hii." Ya tatu ilikuwa kumbukumbu ya mabadiliko ya programu, yenye jina la Bwana Sekunde na tarehe. Maneno Hakuna maonyo yameondolewa, mahali pake pamewekwa Maonyo hayajaletwa.

"Tazameni tarehe," akasema.

Siku ya tatu baada ya ajali. Ripoti inayosema fundi hakusoma iliandikwa siku ya sita.

Nje mtu alikuwa anapiga zulia vumbi, pa, pa, pa. Fundi Sikio aliikunjua karatasi ile kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akaikunja, akaikunjua tena.

"Alijua," akasema. "Mimi nikiwa kitandani nimefungwa mkono kama mtoto, yeye ameshajua. Akarekebisha kwanza, halafu akakaa akaniandika."

Akamgeukia mgeni. "Na wewe ulijua. Miaka mitatu."

"Niliogopa, kaka. Alinicheka kikaoni, akasema mimi nalipwa kwa kuuliza maswali ya kijinga. Nikazichapisha karatasi hizi nikaondoka. Sitakudanganya kwamba nilizitunza kwa ajili yako. Nilizitunza kwa ajili yangu, nikingoja siku yake."

Fundi Sikio akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia beringi anayoifahamu. Walielewana.

"Pelekeni kwa mkaguzi wa usalama kazini," shemeji akasema. "Karatasi zinatosha."

"Tutapeleka," mumewe akajibu. "Lakini karatasi atazijibu kwa karatasi, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nataka ashuke shimoni."

Mkaguzi wa usalama alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mtu wa kusoma kila mstari mara mbili. Alisoma karatasi zile, akaiangalia tableti, akafungua jalada upya. Akaiandikia kampuni kwamba ajali itarudiwa mahali palepale, hatua kwa hatua, na mwandishi wa ripoti awepo. Habari za tableti ya zamani hakuwaandikia.

Kuanzia barua ile Fundi Sikio akawa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alipiga mluzi stoo. Shemeji aliniambia amekuwa anakula kama anayejiandaa kwa safari, na usiku analala fofofo. "Sijui nifurahi au niogope," akasema.

Asubuhi yenyewe tulifika mapema, mimi na yeye. Kwenye ngazi za kwenda chumba cha mashine, nikienda kukata umeme kama kanuni inavyotaka, akanishika bega.

"Umeme usiukate."

"Kaka?"

"Umenisikia. Na swichi ya shimoni nimeshaichomoa waya. Nataka iwe kama siku ile."

"Utaua mtu."

"Vidole haviui mtu. Mimi si niko hapa?"

Nilimtazama nikitafuta utani. Haukuwepo. Akashuka, viatu vyake vikigonga ngazi polepole.

Chumba cha mashine kipo juu ya ghorofa ya tisa, joto lake ni la jikoni. Nilisimama mbele ya swichi kubwa muda ambao siwezi kuupima. Nilifikiria alama ya kijani. Nilifikiria kantini. Nilikuwa na deni kwake kubwa kuliko la mtu yeyote hapa duniani, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Mwishowe nikaivuta swichi chini, nikaitia kufuli langu, nikashuka ngazi ghorofa tisa nzima. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni mwa shimo, peke yake. Nikamwonyesha ufunguo, nikamwambia na swichi ya shimoni imechomolewa waya.

"Fundi mwenzako anajua umekata?" akauliza.

"Hajui."

Alinitazama juu ya miwani, akanyoosha kiganja, akautia ufunguo mfukoni mwake. Kisha akaniambia nipande penye mtandao niandike onyo lilelile la miaka mitatu iliyopita, neno kwa neno, kwa kuwa swichi ilikuwa mbovu kweli. Nikaandika.

Bwana Sekunde akaja saa tatu na nusu, kofia ngumu mpya, buti mpya, suruali imepigwa pasi. Alimsalimia kila mtu. Akasema kampuni haina la kuficha. Ghorofa ya chini mkaguzi akampa tableti iliyofunguliwa tayari, imefunikwa kwa kava jingine, wakashuka. Fundi Sikio alikuwa ameshaingia shimoni, amesimama pembeni ya gurudumu, taa ya kichwani inawaka. Bwana Sekunde akateremka ngazi ya chuma akasimama karibu naye. Mimi na mkaguzi tulibaki mlangoni, juu yao, zaidi kidogo ya kimo cha mtu. Kitufe cha kuitia lifti kilikuwa mkono wangu wa kulia.

"Gusa Maonyo," mkaguzi akasema, "usome."

Akagusa. "Hakuna maonyo," akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risala.

Halafu akaziona herufi zenyewe. Zilikuwa za kijani. Niliiona habari ikimfika, kuanzia macho, ikashuka mashavuni.

"Hii tableti mmeitoa wapi?"

"Stoo," Fundi Sikio akasema. "Kwa Saba."

Akabonyeza swichi nyekundu kwa kidole gumba. Ikalia tak. "Nimezima. Mfumo wako unasema hakuna maonyo. Haya, weka mkono hapa kwenye kamba."

"Mimi si fundi, kaka."

"Mimi pia sikuwa mtu wa kompyuta. Weka."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Si umesoma?"

Bwana Sekunde akainua uso kwa mkaguzi. "Hiyo... hiyo haina maana kwamba hakuna."

"Ina maana gani?" mkaguzi akauliza, kalamu juu ya karatasi.

Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani kwenye ukuta.

"Ina maana hayajaletwa," akasema.

Mkaguzi akaandika. Hapo ndipo ilipaswa kwisha. Alichokuja kukitafuta alikipata, kwa mdomo wa mwenyewe. Lakini Fundi Sikio alikuwa hajapata cha kwake. Alimdaka kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaukandamiza kwenye kamba, pale kamba inapoingia kwenye mfereji wa gurudumu. Ule mkono wa vidole viwili akamwekea mgongoni asirudi nyuma. Bwana Sekunde alipiga ukelele.

"Mwachie!" mkaguzi akasema.

Fundi Sikio hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Bonyeza," akasema. "Ita lifti."

Mlio wa mtu mzima anayelia kwa hofu ni mbaya sana kusikika. Alikuwa anaita mama yake. Alikuwa anasema nilijua, nilijua, nisamehe, nilijua. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza.

Nilijua hakitatokea kitu. Mkaguzi naye alijua. Lakini wale wawili chini hawakujua, na kwa muda wa pumzi tatu hivi nilimwacha yule bwana aishi ndani ya siku ya kaka yangu. Sijui kama ni dhambi. Nikikumbuka, najisikia vizuri, nami nasema kweli.

Kamba haikusogea. Fundi Sikio alisubiri. Akainua kichwa kusikiliza juu shimoni, akifumba macho kama kawaida yake, na hapo akafahamu kwamba hakuna kinachokuja. Akamwachia. Bwana Sekunde akakaa chini kwenye mafuta na suruali yake ya pasi, ameushika mkono wake mzima kama umevunjika.

Mkaguzi akatoa ufunguo. "Umeme ulikatwa kabla ya saa tatu na nusu," akasema. "Na wewe, fundi, nitakuandika kwa kumshika mtu kwa nguvu."

"Niandike," akajibu. Lakini macho yalikuwa kwangu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda.

Mambo mengine yalienda haraka. Ripoti ya zamani ilifutwa, mpya ikaandika kwamba fundi alisoma na mfumo ulimpa jibu la uongo, na kwamba mkuu wa mifumo alionywa kwa maandishi akapuuza, kisha akaficha. Bwana Sekunde aliondolewa mwezi huohuo. Cheti chake kikashushwa mapokezi, ukuta ukabaki na mraba mweupe. Fundi Sikio alipata barua ya onyo kwa kilichotokea shimoni, akaibandika stoo juu ya meza yake kama picha ya harusi. Ripoti mpya aliitoa nakala, akaingia nayo kantini saa ya chakula. Alipita meza kwa meza. Kila aliyewahi kumwita Saba alimsomesha mstari ule kwa sauti, "Fundi alisoma," na akasimama pale mpaka mstari usomwe bila kumung'unya. Mpishi alisomeshwa mara mbili.

Meza yangu aliipita.

Hakuzungumza nami wiki sita. Nikimsalimia anaitikia kwa kichwa. Dada Maswali alinipigia simu akacheka kwa furaha nusu saa nzima, akanisimulia alivyoisoma habari ile huku ameketi kazini kwake kwingine, akafunga mlango akacheza peke yake. Mimi nilicheka naye kwa adabu tu. Mwishowe nikaenda stoo, nikafunga mlango.

"Sema, kaka. Nitukane tu tumalize."

Alikuwa anahesabu bolti. Akamaliza kopo lote kwanza.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Ungekuwa jela sasa hivi."

"Ningekuwa jela na vidole saba, na yeye yuko nje na saba. Hesabu ingekaa sawa."

"Na shemeji je?"

Akachukua kopo jingine, akalitikisa. "Shemeji yako ameniambia maneno hayohayo," akasema. "Ameniambia pia nikupikie... nikualike chakula. Mimi kupika sijui. Njoo Jumapili."

Nilienda. Tulikula, tukaongea habari za shule na za mvua. Wakati shemeji ametoka kuchukua maji nilimwuliza lile lililokuwa linaniwasha: kama lifti ingeshuka kweli, angemwachia mkono kabla haijafika?

Alifikiria vizuri, bila hasira.

"Ningependa kukuambia ndiyo," akasema.

Siku hizi yuko tena idara ya mafundi, anafundisha wapya. Hawaruhusu kukanyaga ngazi ya shimo mpaka wabonyeze swichi, waite lifti, waone kwa macho kwamba imekufa, tableti iseme itakavyo. Wanamwogopa na kumpenda. Bwana Sekunde nimesikia amepata kazi kwenye kampuni moja ya majokofu ya kuhifadhia dawa, ng'ambo nyingine ya mji, huko nako anatengeneza mfumo. Nilikosea nikamtajia kaka habari hiyo.

"Ofisi yao iko wapi?" akauliza.

"Ya nini?"

"Nijue tu."

Anwani ninayo kwenye simu. Sijampa, na yeye kila Jumatatu ananiuliza.